Je, Sindano Yaijua Kibla?
Kuwaeleza watoto wadogo sumaku na nguvu zake

Ilikuwa jioni ya Alhamisi, baina ya Magharibi na Isha. Mtoto wetu wa miaka sita alikuwa ameketi mkekani mbele ya bakuli la plastiki lililojaa maji. Juu ya maji kilielea kipande cha kizibo, na juu ya kizibo ililazwa sindano ya kushonea. Sindano ile ilizunguka polepole, ikatikisika kidogo, kisha ikatulia ikiuelekea ukuta ule ule ambao bibi yake huuelekea kila aswalipo. Mtoto akaruka kwa furaha.

"Bibi! Bibi! Njoo utazame, sindano yaijua Kibla!"

Bibi aliiweka tasbihi yake, akainama, akatazama. "Subhanallah, babangu," akasema, na macho yakamlengalenga machozi. "Hata chuma chamjua Mola wake."

Sisi tuliokuwa mlangoni tulibaki kimya. Tulijua kwamba jambo lile, kwa namna mtoto alivyolifahamu, halikuwa kweli. Lau tungenyamaza, jioni ingemalizika kwa furaha, na bibi angelala akiwa na hadithi ya kuwasimulia wenzake. Lau tungesema palepale, tungeonekana kumkosoa mama mzazi mbele ya mjukuu wake. Na bado mtoto alikuwa ametuelekezea macho, akingoja tumthibitishie. Ndugu wasomaji, makala haya yanaeleza tuliyoyafanya, na yaliyotangulia hadi tukafika pale, kwani tunaamini kuwa si nyumba yetu pekee yenye mtoto wa kuuliza maswali.

Kosa letu la kwanza

Mambo yalianza siku chache kabla. Redio ya zamani iliharibika, nasi tukaifungua spika yake tukatoa sumaku nyeusi ya duara, tukampa mtoto achezee. Akauliza, "Hii hushika nini?" Tukajibu haraka, bila ya kufikiri, "Hushika chuma."

Nusu saa haikupita akarudi amenuna. Sumaku imeharibika, akasema. Ameijaribu kwenye sufuria, haikushika. Kwenye bangili ya mamake, haikushika. Kwenye kopo la soda, haikushika. Kwenye kitasa cha shaba cha mlango wa mbele, haikushika. "Na vyote hivi ni chuma," akamaliza, kama hakimu asomaye hukumu.

Sumaku haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu, na kwa kiasi fulani ni la mazoea ya mazungumzo yetu. Katika maneno ya kila siku neno "chuma" hubeba mizigo miwili: huwa ni jina la madini moja maalumu, lile lishikalo kutu, na mara nyingine huwa ni jina la kila kitu kigumu, baridi na king'aacho. Mtoto alilichukua neno kwa maana ile pana, nasi tulilitumia kwa maana ile finyu.

Basi tukaketi naye tukalirekebisha jibu. Tukamwambia: sumaku haivuti kila king'aacho. Huvuta chuma chenyewe, huvuta aina nyingi za feleji, na huvuta madini mengine machache, yakiwemo nikeli na kobalti. Haivuti dhahabu, wala fedha, wala shaba, wala alumini ambayo ndiyo iliyotengenezewa sufuria yetu na kopo la soda. Kisha tukampa vikapu viwili, kimoja cha "vinavyonasa" na kimoja cha "visivyonasa", tukamwacha azunguke nyumba nzima na sumaku yake.

Tunawashauri wazazi waanzie hapa. Mchezo huu haugharimu kitu, na humfundisha mtoto kubashiri kwanza, kujaribu pili, na kukubali matokeo hata yakipinga alivyobashiri. Misumari, pini, funguo fulani na kopo la maziwa ya unga vitanasa. Sarafu zijaribuni moja moja, mtazame wenyewe. Vijiko ndivyo vitakavyozua mjadala: baadhi ya vile visivyoshika kutu hunasa na vingine havinasi, kwa sababu feleji ya namna hiyo huchanganywa kwa njia mbalimbali. Mkiwa karibu na ufuo au mto, funikeni sumaku kwa mfuko mwembamba wa nailoni, kisha ipitisheni mchangani. Mara nyingi mtaziona chembe nyeusi zimejishika nje ya mfuko. Hizo ni chembe za mawe yenye chuma ndani yake. Ni fursa njema pia ya kumwambia mtoto kwamba sura ya 57 ya Qur'ani imepewa jina la madini haya haya: Al-Hadid, yaani Chuma.

Soko na safu

Swali la pili la mtoto lilikuwa gumu zaidi: "Kwa nini yavuta?" Tulitafuta mfano ambao mtoto wa pwani anaujua kwa macho yake, tukaupata baina ya soko na msikiti.

Tulimwambia: Fikiri kwamba ndani ya msumari mna vijisumaku vidogo mno, vingi kupita hesabu, visivyoonekana kwa jicho. Katika msumari wa kawaida, makundi ya vijisumaku hivyo yamekaa kama watu wa Marikiti siku ya kuamkia Idi. Huyu anakwenda huku, yule anakwenda kule, mwingine amegeuka nyuma. Kwa kuwa kila kundi linavuta upande wake, nguvu zao zinafutana, na msumari hauvuti kitu.

Sasa mwadhini amekimu. Watu wale wale wanaingia msikitini, wanapanga safu, na wote wanaelekea upande mmoja. Ndani ya sumaku mambo huwa hivyo: makundi mengi yamepangika yakielekea upande mmoja, na nguvu zao hujumlika. Ukiukaribisha msumari kwenye sumaku, vijisumaku vya msumari navyo hujipanga kwa muda, na ndiyo maana msumari ulionasa huweza kuvuta pini nyingine. Ukiuondoa, wengi hurudi sokoni, na msumari husahau karibu yote.

Mfano huu ulitusaidia kujibu maswali mengine ambayo tungeyakimbia. Kwa nini sumaku iliyoangushwa mara nyingi au kupigwa nyundo hudhoofika? Kwa sababu mshtuko huvuruga safu. Kwa nini moto huidhuru? Kwa sababu joto huvitikisa vijisumaku hadi visiweze kusimama katika safu. Chuma kikifika joto la nyuzi 770 hivi za Selsiasi, hupoteza kabisa tabia hii. Na ukiivunja sumaku vipande viwili, je, utapata ncha moja huku na ncha nyingine kule? La. Kila kipande kitakuwa na ncha zake mbili, kwa sababu safu ukiigawa katikati, kila nusu bado ina mwanzo na mwisho.

Kuhusu ncha hizo, mtoto hahitaji maelezo mengi. Mpeni sumaku mbili, azikaribishe, kisha aigeuze moja. Mara moja zitakimbiliana, mara nyingine zitasukumana kama watoto wasiotaka kukaa dawati moja. Ncha zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Uwanja uliomo baina yao, ambao hauonekani lakini mkono unausikia, ndio uitwao uga wa sumaku.

Nguvu hupimwaje?

Hapa ndipo palipomsisimua mtoto kuliko pengine popote, kwa sababu watoto hupenda kujua nani mwenye nguvu. Tulikuwa na sumaku tatu: ile nyeusi ya spika, moja bapa yenye umbo la samaki, pana kama kiganja, iliyokuwa imebandikwa kwenye friji, na kipande king'aacho kidogo kama tembe ya dawa, kilichotoka katika kisikizi kibovu cha simu. Tulimwuliza ipi ya kwanza, ipi ya pili, ipi ya mwisho. Akazipanga kwa ukubwa bila ya kusita: ya spika, ya friji, kisha ile ndogo.

Tukazipima kwa njia tatu, na kila mzazi anaweza kuzirudia.

Njia ya kwanza ni kuhesabu. Mtoto alining'iniza vibanio vya chuma vya karatasi kwenye kila sumaku, kimoja baada ya kingine, hadi vikaanza kuanguka. Ya spika ilibeba 14. Samaki wa friji, pamoja na upana wake wote, alibeba viwili tu. Kile kitembe kidogo kikabeba vitano. Mtoto akazigeuza sumaku mkononi, akarudia kuhesabu, akasema, "Basi mkubwa si lazima awe na nguvu." Hatukuongeza neno.

Njia ya pili ni umbali. Weka sumaku mwanzoni mwa rula, weka kibanio mbali nayo, kisha ukisogeze polepole hadi kirukie. Andika ni sentimita ngapi. Mtoto ataona kwamba kibanio hulala kimya kwa muda mrefu, kisha huruka ghafla. Sababu yake ni kwamba nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kadiri unavyokuwa mbali. Ukiuongeza umbali maradufu, nguvu haibaki nusu, bali hushuka chini ya hapo kwa kiasi kikubwa.

Njia ya tatu ni karatasi. Weka kurasa za daftari baina ya sumaku na kibanio, moja baada ya nyingine, hadi kibanio kianguke. Hapa mtoto hujifunza mambo mawili pamoja: kwamba nguvu hii hupenya karatasi, na hata mkono wake mwenyewe, na kwamba idadi ya kurasa ni kipimo.

Baada ya hapo tukamweleza kwa ufupi ni nini kinachofanya sumaku moja iishinde nyingine. Ukubwa una sehemu yake, ndiyo maana ya spika ilishinda. Lakini la muhimu ni kitu kilichotengenezewa sumaku hiyo na jinsi safu zake zilivyoshikamana. Vile vitembe vya visikizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni, uliovumbuliwa miaka ya 1980, na safu zake ni imara mno. Mahali pa kugusa pia ni muhimu, kwani sumaku huvuta zaidi kwenye ncha zake kuliko katikati.

Kwa watoto wakubwa kidogo, kuna sumaku ambayo nguvu zake huongezwa na kupunguzwa. Chukueni msumari mrefu, uzungushieni waya mwembamba wa shaba uliofunikwa kwa plastiki, mara 20, kisha gusisheni ncha za waya kwenye betri moja ndogo ya tochi. Msumari utavuta pini. Zungusheni mara 40, na utavuta pini zaidi. Ondoeni betri, na pini nyingi zitaanguka. Mwaka 1820 mwanachuoni wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme, na kutokana na jambo hilo zimepatikana mota za feni zetu na mashine zinazonyanyua vyuma chakavu. Waya huo hupata moto upesi, kwa hiyo guseni kwa sekunde chache tu. Na umeme wa ukutani usitumiwe kabisa kwa mchezo huu.

Wataalamu nao hupima uga wa sumaku kwa kipimo kiitwacho tesla. Mashine nyingi za MRI zitumiwazo hospitalini kutazama ndani ya mwili zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni zaidi ya mara elfu thelathini ya uga wa sumaku wa dunia yetu pale pale tuliposimama. Ndiyo, dunia nayo ni sumaku. Na hapo tunarudi kwenye bakuli la maji.

Sindano, kaskazini na Kibla

Mtoto alikuwa ameisugua ile sindano kwa sumaku mara 30 hivi, daima kwa upande mmoja bila ya kurudi nyuma, ili kuzipanga safu zake. Kisha akaielekeza majini. Alichokifanya ni cha kale. Mwandishi Baylak al-Qibjaqi alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1282 jinsi mabaharia wa bahari ya Mediterania walivyoelekeza chombo usiku usio na nyota kwa sindano iliyoelea majini, na akataja kwamba manahodha wa Bahari ya Hindi, yaani bahari yetu hii, walitumia kisamaki cha chuma chenye uwazi ndani, kilichoelea na kuonyesha njia.

Sindano hiyo hugeuka kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku kubwa, jambo ambalo Mwingereza William Gilbert alilieleza katika kitabu cha mwaka 1600. Chanzo chake ni chuma kilichoyeyuka, kinachozunguka umbali wa kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu. Sindano hujipanga kufuata uga huo, ncha moja ikaelekea kaskazini na nyingine kusini.

Basi kwa nini iliuelekea ukuta wa swala? Kwa sababu ya mahali tulipojaaliwa kuishi. Makka ipo karibu na longitudo ya 39.8 mashariki, na Mombasa ipo karibu na 39.7. Tumekaa chini ya Makka, karibu katika mstari mmoja. Kibla ya Mombasa hupishana na kaskazini halisi kwa chini ya nyuzi moja; ya Lamu hupishana kwa nyuzi mbili na nusu hivi, upande wa magharibi. Wazee wetu wa bahari waliliona jambo hili zamani, hata neno "kibla" likawa pia jina la upande wa kaskazini, kama "suheli" lilivyokuwa jina la upande wa kusini.

Hii ndiyo kweli ya jambo, na ndiyo tuliyokuwa tukiogopa kuisema jioni ile. Hatukuisema sisi. Tulimpigia simu shangazi yake mtoto aliyeko Maskati, tukamwomba aweke dira sakafuni karibu na mswala wake na atuonyeshe kwa kamera. Mtoto akatazama kwa makini. Sindano ya shangazi ilielekea kaskazini, lakini mswala wake uliuelekea upande wa magharibi.

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mtoto akasema kwa sauti ya chini, "Basi sindano haijui Kibla. Yajua kaskazini tu."

Tulimtazama bibi kwa wasiwasi. Alikuwa akitabasamu. "Nami babangu nimejifunza leo," akasema. "Sindano kazi yake ni moja, nayo yaifanya. Kuijua Kibla tumeachiwa sisi wenye akili." Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angeweza kusema maneno bora kuliko hayo. Nayo yanaafikiana na historia: mwishoni mwa karne ya 13, al-Ashraf Umar, sultani wa Yemen, aliandika namna ya kuitumia dira kutafutia Kibla. Hakuiachia sindano kazi yote. Ilimlazimu mtu aijue kwanza pembe ya mji wake.

Tulijifunza kwamba tulimdhania bibi udhaifu asiokuwa nao. Imani yake haikutegemea sindano, na wala haikutikiswa na kweli. Mara nyingi sisi wazazi huwaficha watoto kweli ndogo kwa kudhani tunailinda heshima ya wakubwa, kumbe wakubwa wenyewe hawakuomba ulinzi huo.

Tahadhari isiyopuuzwa

Tungependa kumalizia hapo, lakini amana inatulazimu tuseme la mwisho. Asubuhi ya Ijumaa kile kitembe kidogo hakikuonekana. Katika nyumba yetu mna pia mtoto wa mwaka mmoja na nusu, atiaye kila kitu kinywani. Tulikitafuta kwa zaidi ya nusu saa, mioyo ikidunda, hadi tukakikuta kimejibandika nyuma ya mguu wa kitanda cha chuma. Alhamdulillahi.

Sumaku ndogo zenye nguvu ni hatari kubwa zikimezwa, hasa zikiwa mbili au zaidi, au moja pamoja na kipande cha chuma. Zikiwa tumboni hutafutana kupitia kuta za utumbo, huubana, huuzuia damu, na huweza kuutoboa. Dalili zake mwanzoni hufanana na maumivu ya kawaida ya tumbo au kutapika, na hivyo wazazi huchelewa. Mkishuku kwamba mtoto amemeza sumaku, msingoje itoke yenyewe, wala msimpe dawa ya nyumbani. Mpelekeni hospitali wakati ule ule na mwelezeni daktari waziwazi. Sumaku za michezo ziwe kubwa zisizoingia kinywani, zihesabiwe kabla na baada ya mchezo, na ndogo zifungiwe kabatini. Aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo naye akae mbali nazo.

Kitembe chetu sasa kimefungwa katika kopo, juu ya kabati. Ile ya spika bado inazunguka nyumba nzima mkononi mwa mwenyewe. Na jana mtoto alikuja na swali jipya: ikiwa sumaku hupenya karatasi na mkono, je, hupenya maji ya bahari? Tulikuwa na jibu mdomoni, tukalizuia. Tukamwambia atafute bakuli, kibanio na uzi, na baada ya swala ya Alasiri tutazame pamoja.